Bima ya safari kwa mama wa miaka 72 mwenye kisukari na shindikizo la damu: naomba muongozo

Mwana wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mama yetu ana umri wa miaka 72 na anaishi Wete. Ni mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu anayetumia sindano ya insulini asubuhi na jioni, ana shindikizo la damu linalodhibitiwa kwa vidonge, na huko nyuma alipata kiharusi chepesi ambacho, alhamdulillahi, kilimwachia udhaifu mdogo tu wa mkono wa kushoto. Mdogo wangu wa kike anaishi Minneapolis, Marekani, pamoja na mumewe, na anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mama amekata shauri kwenda kuwa naye na kumlea katika siku zake arubaini, kama yeye mwenyewe alivyolelewa na marehemu bibi, kisha akae hadi mtoto apate nguvu, kwa hiyo safari yote ni ya miezi minne au mitano.

Viza tumeiomba na siku ya mahojiano Dar es Salaam imeshapangwa. Kinachotutia wasiwasi ni bima ya matibabu. Shemeji amenitumia mikataba kadhaa ya bima za wageni wanaoingia Marekani, na kila ninapoisoma nakuta sentensi ile ile, kwamba maradhi aliyokuwa nayo msafiri kabla ya kukata bima hayamo. Sasa mama hana maradhi mengine isipokuwa hayo. Ikiwa kisukari, shindikizo na kiharusi vyote vimetolewa, sielewi tutakuwa tunalipia kitu gani.

Ningeomba kujua kama ipo bima inayomfaa kweli mtu wa hali hii, na kama ni bora tukaikata hapa Zanzibar au huko aendako. Pia shemeji anashauri kiharusi tusikitaje, kwa kuwa kimeshapita na hakuna atakayejua. Ningependa kusikia mnasemaje. Juu ya hayo, mama mwenyewe ana shaka kama bima inajuzu katika dini, na hataki kuingia kwenye jambo lenye shubha kwa ajili ya safari ya kheri. Natanguliza shukurani.

Afisa Bima, Mjini

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nifikishie shikamoo kwa mama na umwambie namuombea safari njema.

Nimo katika kazi ya bima hapa Mjini, na suali lako ndilo ninaloulizwa zaidi na watu wanaosafirisha wazee wao, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza ujue kwamba Marekani haimlazimishi mwenye viza ya matembezi kuwa na bima. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, humtaka muombaji aonyeshe bima isiyopungua euro 30,000 kabla ya kupewa viza, na kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kuiona bima kama karatasi ya ubalozini. Kwa Marekani hakuna atakayeidai karatasi hiyo, ndiyo maana wapo wanaoondoka bila ya kitu. Hospitali yenye kitengo cha dharura inalazimika, kwa sheria ya mwaka 1986, kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana fedha, lakini sheria hiyo haifuti deni. Bili hufuata baadaye, na kulazwa siku chache kwa kiharusi au kwa maradhi ya moyo kunaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mfuko wa Medicare, unaowatibu wazee wa kule, haumhusu mgeni aliyekuja kutembea. Bima anayopewa shemeji yako kazini nayo, kwa kawaida, humfunika mke na watoto na haimgusi mkwe.

Mikataba ya wageni iko ya namna mbili. Namna ya kwanza ina jedwali la malipo: kiasi fulani kwa kumwona daktari, kiasi fulani kwa siku moja ya kitanda, kiasi fulani kwa upasuaji, na kinachozidi hapo ni juu ya mgonjwa. Hii ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayowaumiza watu, kwa sababu ile jumla kubwa iliyoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza haifikiwi iwapo kila huduma imewekewa kikomo chake kidogo. Namna ya pili hulipa asilimia ya bili yenyewe, baada ya mgonjwa kutoa kiasi cha mwanzo kilichokubaliwa, mpaka kufikia kikomo cha mkataba, na mara nyingi huwa na orodha ya hospitali zilizo na makubaliano na kampuni. Kwa mama wa miaka 72 mimi sipendekezi namna ya kwanza hata kidogo, ingawa najua tofauti ya bei inashawishi.

Sasa ile sentensi uliyoiona. Ni kweli kwamba takriban mikataba yote hii huyatoa maradhi ya awali, yaani maradhi ambayo mtu ametibiwa au amekuwa na dalili zake ndani ya kipindi kinachotajwa, na kipindi hicho kwa kampuni nyingine ni mwaka mmoja, kwa nyingine ni miaka mitatu, na kwa nyingine ni zaidi. Lakini usiishie kwenye sentensi hiyo. Mingi kati ya mikataba ya namna ya pili ina kifungu kingine, kurasa kadhaa mbele, kinachorudisha sehemu ya kile kilichotolewa: iwapo maradhi ya awali yatazuka kwa ghafla, bila ya dalili za kutangulia, yakahitaji matibabu ya haraka, na mgonjwa akatibiwa ndani ya muda uliowekwa, ambao mara nyingi ni saa 24, kampuni hulipia dharura hiyo. Kwa kifungu hicho, mama akipatwa na kiharusi usiku, Mungu amuepushe, na akakimbizwa hospitali, mnayo njia ya kudai fidia. Sukari ikipanda kidogo kidogo kwa wiki mbili mpaka akalazwa, kampuni itasema kwamba hali hiyo haikuzuka kwa ghafla, na kwa maneno ya mkataba itakuwa na haki. Kumwona daktari kwa mazoea, kupima damu, kununua insulini na kusafishwa figo, vyote hivyo hubaki nje.

Ndani ya kifungu hicho tafuteni umri kabla ya jambo jingine lolote. Zipo kampuni zinazokifuta kabisa kwa aliyetimiza miaka 70, zipo zinazokiacha hadi miaka 79, na zipo zinazokiwekea kiasi kidogo mno kisichofanana na kikomo cha mkataba mzima. Kwa hiyo mkataba uliomfaa mzee wa jirani mwenye miaka 68 unaweza usiwe na thamani yoyote kwa mama yenu. Ipo vilevile mikataba michache inayolipia maradhi ya awali bila ya sharti la kuzuka ghafla, kwa kikomo maalumu. Hiyo ni ghali, na baadhi yake hutaka mnunue siku zisizopungua 90. Lakini kwa safari ya miezi minne sharti hilo halikuzuieni, na mimi ningeanza kutafuta hapo kabla ya kwingine.

Kuhusu mahali pa kununua, bima za safari zinazouzwa hapa kwetu nyingi zimetengenezwa kwa safari fupi na kwa masharti ya Schengen, na mara nyingi mtu akishapita miaka 65 au 70 ada hupanda na kinga hupungua. Zina faida yao, nayo ni kwamba mgogoro ukitokea unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, jambo ambalo kwa kampuni ya ng'ambo si rahisi. Pamoja na hivyo, kwa mtu atakayekaa Marekani miezi minne naona mkataba wa huko, wenye orodha ya hospitali za jimbo la Minnesota, una manufaa zaidi, kwa sababu hospitali iliyomo kwenye orodha kwa kawaida huipelekea kampuni bili moja kwa moja, badala ya nyinyi kulipa kwanza na kudai baadaye. Mkataba uanze siku mama anapoondoka nyumbani na uwe unamfunika akiwa njiani, kwa kuwa mzee anaweza kuugua Doha au Addis Ababa akisubiri ndege ya pili. Kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, kama anayo, ni ya matibabu ya hapa nyumbani, hivyo msiihesabu katika safari hii.

Na hilo la kiharusi: ndugu yangu, msikifiche. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili, na anayeficha jambo la msingi huipa kampuni sababu ya kuuvunja mkataba mzima. Tena haifichiki. Siku mama atakapofikishwa hospitali, suali la mwanzo la daktari litakuwa ni historia yake, na mdogo wako atasema kweli kwa sababu uhai wa mama utakuwa mbele ya macho yake. Maneno hayo yataandikwa kwenye faili, na faili hilo ndilo kampuni itakaloliomba kabla ya kulipa chochote. Mikataba mingi ya wageni haina hata fomu ya masuali ya afya, na watu hudhani kwamba kutoulizwa ni kukubaliwa. Uchunguzi upo, ila umeahirishwa hadi siku ya madai.

Muuguzi wa Chake Chake

Nakubaliana na Afisa Bima kwa yote, na ningependa kuongeza upande wa hospitali, kwa sababu bima nzuri bila ya kumbukumbu za mgonjwa huishia kwenye mabishano.

Mpelekeni mama kwa daktari wake wiki chache kabla ya safari na mwombeni barua ya Kiingereza inayotaja maradhi yake yote, kiharusi kikiwemo, dawa zake kwa majina ya kitaalamu badala ya majina ya biashara, vipimo vyake vya karibuni vya shindikizo na wastani wa sukari wa miezi mitatu, yaani HbA1c, na kauli kwamba hali yake inamruhusu kusafiri. Barua hiyo itamsaidia daktari wa dharura asiyemjua mama, na itawasaidia siku ya madai, kwa sababu inaonyesha kwamba aliondoka hali yake ikiwa imetulia. Bila ya hiyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba kilichotokea kilikuja kwa ghafla. Mikataba hii kwa kawaida pia humtoa mtu aliyesafiri kinyume na ushauri wa daktari, na humtoa aliyesafiri kwa lengo la kutafuta matibabu. Kwa hiyo kama kuna yeyote katika familia anayefikiria kwamba mama akiwa huko "apimwe kila kitu," ajue kwamba vipimo hivyo ni vya kulipia mfukoni.

Suala la dawa linahitaji mpango wake. Mgeni anayeingia Marekani kwa kawaida huruhusiwa kuchukua dawa za matumizi yake za siku zisizozidi 90, zikiwa ndani ya vifungashio vyake na pamoja na cheti cha daktari. Mama atakaa zaidi ya hapo, na bima haitamnunulia insulini, hivyo mdogo wako amtafutie mapema daktari wa kumwandikia dawa za miezi iliyobaki na ajue bei yake. Insulini ya mchanganyiko wa 70/30, ambayo wagonjwa wengi wa hapa kwetu wanaitumia, inapatikana huko kwa bei nafuu katika baadhi ya maduka makubwa yenye duka la dawa ndani yake, na katika majimbo mengi huuzwa bila ya cheti. Kama mama anatumia aina hiyo, mdogo wako aulize sasa, asingojee chupa ya mwisho.

Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi. Mzigo unaowekwa chini ya ndege unaweza kupata baridi ya kugandisha, na insulini iliyoganda hutupwa hata kama imeyeyuka tena. Tofauti ya saa kati ya Pemba na Minneapolis ni 8 au 9 kulingana na msimu, kwa hiyo daktari aandike saa za sindano za siku ya safari na siku ya kufika. Wazee wengi hupoteza mpangilio hapo, na sukari hushuka au hupanda katika wiki ya kwanza kabisa.

Nina jambo moja zaidi kuhusu zile saa 24 za mkataba. Msizifanye kuwa ndizo kipimo chenu. Mdogo wako na mumewe wazijue dalili za kiharusi, yaani mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, na maneno kutoeleweka, na wapige 911, namba ya dharura ya huko, pale pale, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa kuwa mkono wa kushoto wa mama umeshakuwa dhaifu tangu zamani, waujue udhaifu huo ulivyo siku za kawaida, ili wakiona umezidi wasidhani ni ule ule.

Binti wa Makunduchi, Toronto

Mwana wa Wete, pole na hongera kwa pamoja. Nimepita njia hiyo na marehemu baba, ingawa kwetu ilikuwa ni Kanada. Huku kuna viza maalumu ya wazazi na mabibi na mababu, inayomruhusu mzee kukaa muda mrefu, na serikali inataka bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 za Kanada kwa mwaka mmoja, kwa hiyo hatukuwa na hiari.

Nililojifunza ni hili. Mikataba ya huku huyakubali maradhi ya awali kwa sharti kwamba yawe yametulia kwa kipindi fulani kabla ya bima kuanza, kwa mfano miezi mitatu au sita. Baba alikuwa na shindikizo kama mama yako. Kabla hajaondoka Unguja daktari alimwongezea kiwango cha kidonge kimoja, na sisi tulifurahi kwamba ameangaliwa vizuri. Alipopata matatizo ya moyo akiwa kwangu, kampuni iliomba kumbukumbu za matibabu ya nyumbani, ikaliona badiliko lile la dawa, na ikasema kwamba maradhi yake hayakuwa yametulia. Dai letu lilikataliwa, na tuliilipa hospitali kwa awamu hadi baada ya baba kufariki, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba muulize kampuni kwa maandishi kama inalo sharti hili, na kama inalo, mwambieni daktari asibadilishe dawa yoyote mpaka mama asafiri.

Muuguzi wa Chake Chake

Dada yangu wa Makunduchi, Mungu amlaze baba mahali pema. Ninayaheshimu maumivu yaliyo nyuma ya ushauri wako, lakini sehemu ya mwisho siwezi kuinyamazia. Tafadhalini, asitokee mtu wa kumwambia daktari aache kubadilisha dawa kwa ajili ya bima. Shindikizo la mgonjwa aliyewahi kupata kiharusi likipanda, kidonge hakina budi kuongezwa, na kuchelewesha wiki sita ili mkataba usomeke vizuri ni kuyaweka maisha yake rehani. Mama anaweza kupata kiharusi cha pili akiwa Wete kabla hata ya kupanda ndege.

Kinachowezekana ni kugeuza mpangilio. Mpelekeni mapema, miezi minne au zaidi kabla ya tarehe ya safari kama muda unaruhusu, daktari arekebishe kila kinachohitaji kurekebishwa, kisha kipindi cha kutulia kianze kuhesabiwa hapo. Ikitokea haja ya kubadilisha dawa karibu na safari, ibadilishwe, na muiarifu kampuni kwa maandishi kabla bima haijaanza. Ikikataa, mtafute nyingine au msogeze safari. Najua mtoto mchanga hasubiri, lakini mdogo wako anamhitaji mama aliye mzima.

Binti wa Makunduchi, Toronto

Nimekuelewa na nakubali. Nilichotaka kusisitiza ni kwamba daktari wa nyumbani hajui kwamba maandishi yake yatasomwa na kampuni ya bima ng'ambo, basi aambiwe. Aandike sababu ya kila badiliko. Katika faili la baba hakukuwa na sababu yoyote iliyoandikwa, na kampuni ilijitafsiria yenyewe.

Maalim wa Mkoani

Assalaam alaykum. Ningependa kuligusa lile la shaka ya mama, kwa sababu naona limepitwa, na kwake yeye huenda ndilo zito kuliko yote.

Shaka yake ina msingi. Baraza la fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa, yaani kutojulikana kwa kile kinachouzwa, inayoharibu mkataba, na kwamba mbadala unaokubalika ni bima ya ushirika, ambayo washiriki wake hutoa michango kwa nia ya kusaidiana. Mfumo huo ndio takaful. Mchango huwa ni tabarrui, yaani kitu kinachotolewa kwa hiari, mfuko ni wa washiriki wenyewe, na kampuni ni msimamizi anayelipwa kwa kazi yake. Hapa kwetu takaful imeshaanza kutolewa chini ya usimamizi wa TIRA, na Shirika la Bima la Zanzibar linayo huduma hiyo.

Kwa hiyo anzeni kwa kuuliza kama ipo takaful ya safari itakayomchukua mtu wa umri na maradhi ya mama kwa safari ya Marekani. Ikiwepo, shaka imeondoka. Isipokuwepo, hali yenu inaingia katika mlango wa haja na dharura, ambao wanazuoni wameuzungumza kwa urefu na kwa kutofautiana, na hapo sitaki kutoa fatwa mtandaoni kwa mtu ambaye sijakaa naye. Mchukueni mama mwenyewe, si nyinyi kwa niaba yake, akamuulize sheikh anayemwamini au afike Ofisi ya Mufti, aeleze kwamba ni mgonjwa, anakwenda nchi ambayo matibabu yake yanaweza kumuingiza mwanawe kwenye deni kubwa, na kwamba hakupata njia nyingine. Akipata jibu kwa masikio yake atasafiri na moyo uliotulia.

Mkaazi wa Kiembe Samaki

Naongeza kwa ufupi kwa ajili ya wanaopokea wazee upande wa pili, kwa kuwa naona watu wanachanganya. Ile bima ya dola 44 inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar ni kwa wageni wanaoingia Zanzibar, ilianza kuwa ya lazima tarehe 1 Oktoba 2024, na hudumu siku 92. Haimsaidii anayetoka hapa kwenda nje. Nina shangazi mwenye pasi ya Uingereza anayekuja kutuona, naye ni mgonjwa wa moyo; tunamkatia hiyo kwa kuwa ni sharti la kuingia, lakini tunamtaka aje pia na bima ya kwao aliyoitangazia maradhi yake, yenye kulipia ndege ya kumhamisha. Tatizo zito la moyo huenda likahitaji kumvusha hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, au mbali zaidi, na kumsafirisha mgonjwa mahututi kwa ndege ni gharama kubwa kwa familia ya kawaida.

Mwana wa Wete

Ndugu zangu, Mungu akulipeni kheri. Nimewasomea mama na shemeji majibu yote kwa simu. Shemeji amekubali kwamba kiharusi kitatajwa. Mama ameniambia nimpeleke kwa sheikh wake Ijumaa, na nimemuahidi. Kwa daktari tutakwenda mapema iwezekanavyo, tukiwa na orodha ya mambo aliyoyataja Muuguzi.

Nimebakisha jambo moja kwa Afisa Bima. Je, tununue kabla ya mahojiano ya viza au baada yake, na ikiwa mama atapenda kuongeza muda wa kukaa, tununue sasa miezi mingi au tuongeze baadaye?

Afisa Bima, Mjini

Subirini viza. Karatasi ya bima haitaathiri mahojiano kwa namna yoyote ya maana, na ingawa mikataba mingi ya wageni hurudisha fedha yote ikifutwa kabla ya tarehe ya kuanza, si yote, na kurejeshewa fedha kutoka ng'ambo kuna usumbufu wake. Viza ikitoka, nunueni kabla mama hajaondoka, kwa sababu baadhi ya kampuni hupunguza kinga kwa anayenunua akiwa ameshafika.

Kuhusu muda, muda halali wa kukaa Marekani huamuliwa na afisa wa uhamiaji wa uwanja wa ndege siku ya kuingia, na mara nyingi wenye viza ya matembezi hupewa miezi sita. Mimi ningenunua miezi yote ambayo mama anaweza kukaa, badala ya kununua mitatu na kuongeza. Mkianza na michache, basi ongezeni kabla haujamalizika, hata ikiwa imebaki siku moja tu, na muombe kuendeleza mkataba ule ule. Ukikatika na mkaanza mwingine, maradhi yoyote aliyoyapata katika miezi ya mwanzo yatahesabiwa katika mkataba mpya kuwa ni maradhi ya awali. Mama akirudi mapema, kampuni nyingi hurudisha ada ya siku zilizobaki baada ya kukata gharama ndogo, ilimradi hakuna dai lililowasilishwa.

Mdogo wako aweke namba ya simu ya kampuni na namba ya mkataba kwenye simu yake na ya mumewe. Mikataba mingi hutaka kampuni iarifiwe kabla ya kulazwa, na kwa dharura iarifiwe ndani ya siku moja au mbili, na isipoarifiwa hupunguza malipo hata kama dai lenyewe ni halali. Kwa maradhi madogo, kama homa au kikohozi, ampeleke kwenye kliniki ya karibu ya matibabu ya haraka badala ya kitengo cha dharura cha hospitali kubwa, kwa kuwa gharama ni ndogo zaidi na baadhi ya mikataba humtoza mgonjwa ziada akienda kitengo cha dharura kwa jambo lisilo la dharura. Na ikitokea bili ambayo bima imeikataa, asiilipe siku hiyo hiyo kwa hofu. Hospitali za Marekani zisizo za kibiashara, ambazo ni nyingi, zinatakiwa na sheria kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwapunguzia wagonjwa wasio na uwezo. Aombe fomu ya utaratibu huo, aijaze kwa niaba ya mama, na aombe bili yenye mchanganuo wa kila huduma kabla ya kukubaliana nao juu ya malipo.